Usiku wa ma-DJ wasiojulikana Raskazone: nani alisema Tanga haichezi muziki usio na maneno?

Mtoto wa Barabara ya 12

Wakuu, nimengoja tangu Jumapili mtu aanzishe uzi wa ule usiku wa ufukweni Raskazone, naona kila mmoja kakaa kimya na video zake za sekunde thelathini. Acha nianze mimi, nyie mtajazia.

Kwa ambao hawakuwepo: ma-DJ sita, hakuna hata mmoja anayesikika redioni, hakuna msanii wa kuimba, hakuna mgeni rasmi. Kiingilio elfu kumi. Saa tatu usiku mpaka alfajiri, muziki wa mashine mtupu: haus, tekno, gqom ya Durban, amapiano kidogo, halafu singeli. Majina yao siyaandiki hapa kwa sababu sijawaomba ruhusa, na wengine wazazi wao wanajua walikwenda harusini.

Maneno ya kijiweni mnayajua. Tanga ukipiga ngoma isiyo na mwimbaji, watu wanakaa chini wanaagiza chipsi mayai. Mpaka saa tano hivi ilikuwa kweli kabisa. Watu wamekaa, wengine wameligeuzia jukwaa mgongo wanatazama taa za meli. DJ wa kwanza, kijana wa Muheza, alipiga karibu saa mbili nzima mbele ya mchanga mtupu na watoto wawili wa muuza mihogo waliokuwa wanacheza peke yao.

Nilimheshimu palepale. DJ mwenye jina angeshashika maiki, "Tanga mpoooo?", akarusha wimbo wa Bongo Fleva unaojulikana hadi na wazee wa kahawa. Watu wangeruka dakika tatu, kisha wangerudi kukaa wakisubiri mwingine wanaoujua, na usiku wote ungekwenda kwa mtindo huo wa kusimama na kukaa. Huyu hakuigusa maiki. Alianzia mapigo 118 kwa dakika akapanda taratibu mno, 119, 120, kila ngoma ikiingia chini ya mwenzake bila kupiga hodi. Nilikuwa nimesimama karibu na meza yake naziona namba kwenye skrini. Macho yake hayakuwa kwenye skrini hata hivyo, alikuwa anatazama miguu.

Kulikuwa na meza ya kina dada upande wa kulia. Mmoja akaanza kugonga kisigino chini ya kiti, nadhani hata mwenyewe hakujijua. Jamaa akaiona. Akaikata besi yote, akabakiza kile kimlio cha kayamba tu, akangoja. Kisigino kikasimama. Dada akageuka kutazama jukwaani kulikoni, na alipogeuka tu besi ikarudi. Akasimama. Akawavuta wenzake wawili kwa mikono, mmoja bado ana soda. Kufika saa sita mchanga ulikuwa umejaa na hakuna wimbo hata mmoja ambao mtu angeweza kuuimba.

Wa pili na wa nne nitawapitia haraka. Mmoja alipiga amapiano nzuri lakini anaongea kupita kiasi, mwingine alikatikiwa na umeme katikati na jenereta ikachukua muda wake, si kosa lake.

Wa tatu ndiye watu wanamzungumzia, binti wa Pangani. Mtandio kichwani, miwani, hedifoni kwenye sikio moja. Kontrola yake, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo, ina kitelezi kimoja kimefungwa kwa selotepu nyeusi ya mafundi umeme kisiguswe maana kikiguswa kinakwaruza. Alipiga tekno ngumu, ile isiyo na kinanda wala sauti ya binadamu: pigo na mlio mmoja unaozunguka, unaozunguka, na kila ukizunguka umebadilika kidogo. Mzee mmoja alikuja kumfuata kijana wake arudi nyumbani, akasimama pale kwenye mivinje funguo za pikipiki zikiwa mkononi, uso umekunjwa. Nilipomtazama tena funguo zilikuwa mfukoni na mzee anatikisa kichwa.

Wa tano ni wa hapahapa Makorora, mchana ana kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Yeye ndiye aliyeleta singeli, nitaeleza alivyoiingiza kama kuna atakayeuliza. Wa sita, wa Mombasa, alipewa kazi mbaya kuliko zote: kuwashusha watu kutoka kwenye singeli saa kumi alfajiri. Hakushangiliwa. Lakini hakuna aliyeanguka wala kutapika, na watu walitoka wakiongea kwa sauti za kawaida. Kwangu huyo ndiye fundi wa usiku ule.

Hoja yangu ni moja. DJ asiyejulikana hana jina la kumkinga wala wimbo wake wa kujiokolea. Ana watu walio mbele yake tu, kwa hiyo inabidi awatazame. Ndiyo maana usiku ule ulikuwa mzuri kuliko matamasha tunayoletewa na mabango ya nguo za kung'aa. Mnasemaje?

Mpita Njia

Siti ya mbele. Nimeweka kambi.

Kijiti cha Mkonge

Mleta mada umeandika vizuri lakini umepamba. Mimi nilikuwepo. Watu walichangamka kwenye singeli, mengine yote walivumilia kwa sababu wameshalipa elfu kumi. Haus na tekno ni muziki wa wazungu wa hoteli za Zanzibar, wameuleta Tanga waonekane wa kisasa. Hapa kwetu watu wana taarab, wana ngoma zao. Na hiyo singeli yenyewe mnayoisifia ilikuwa inajikanyaga, midundo inagongana, sikuelewa chochote.

Dada wa Mikanjuni

Kijiti, mimi ni mmoja wa hiyo meza ya kulia 😂 Sikuvumilia chochote. Na ile soda ilikuwa ya kwangu, ilimwagika yote.

Kaseti Kuukuu

Mkuu Kijiti, wazungu gani hao?

Haus imezaliwa Chicago kwa vijana weusi, na wengi wao walikuwa watu ambao kumbi nyingine za mji huohuo hazikuwataka. Frankie Knuckles alianza kupiga kwenye klabu ya Warehouse mwaka 1977, akawa anaunga santuri za disko, anazirefusha, baadaye anaziongezea mashine ya ngoma chini ili watu wasikae. Tekno nayo ni Detroit, mji wa viwanda vya magari: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, vijana watatu weusi waliosoma pamoja Belleville. Wazungu wa Ulaya waliipokea baadaye wakaijengea kumbi na matamasha, sasa mtu akiiona Zanzibar hotelini anadhani ilizaliwa hotelini.

Na mashine zenyewe zilikuwa za kubahatisha. Roland wa Japani walitoa TB-303 mwaka 1981, wakilenga mpiga gitaa asiye na mpiga besi wa kufanya naye mazoezi. Haikufanana na besi hata kidogo. Haikuuzika, 1984 wakaacha kuitengeneza, ikaishia kwenye maduka ya mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago wasio na hela wakazinunua hizohizo, wakawa wanazungusha vitufe huku inalia, na mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa ule mlio wa kukoroma ambao dunia nzima inaucheza mpaka leo. Ule mlio "unaozunguka" aliousema mleta mada kwa binti wa Pangani, ukoo wake ni huo.

Sasa niambie tofauti yake na vijana wa singeli wa Mburahati, Dar. Kompyuta ya mtumba, programu ya bure au ya kunakili, unachukua kipande cha taarab, unakizungusha, unakikimbiza mpaka mapigo 200, 250, wengine hadi 300 kwa dakika. Studio ya Sisso pale Mburahati ilitoa ngoma hizo miaka mingi zikichezwa kwenye vigodoro tu, zile sherehe za usiku kucha mitaani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikazikusanya kwenye albamu moja, na tangu hapo kina Jay Mitta, Bamba Pana na baadaye DJ Travella wanaitwa Ulaya kupiga. Singeli ni muziki wa mashine kama tekno, Kijiti. Umeshaucheza, umebaki kuukana tu.

Kijiti cha Mkonge

Sawa, Chicago nimekuachia. Lakini mbona hao wanaoitwa Ulaya hapa Tanga hawaitwi?

Kaseti Kuukuu

Hilo waulize waandaaji, mimi sina jibu la heshima.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Wanangu, hamjambo. Huwa nasoma tu humu, leo nitachangia.

Kwanza kuhusu Tanga na muziki mpya. Nyinyi mnazungumza kana kwamba mji huu ulikuwa umekaa na matari tu mpaka mlipozaliwa. Black Star na Lucky Star waliingiza magitaa ya umeme na besi kwenye taarab, tukawa hatukai tena vitini kusikiliza, tunacheza. Shakila aliimba na Black Star, mwulizeni yeyote wa rika langu. Upande wa dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na watu wa Dar walikuwa wanayasubiri magitaa ya Tanga. Kwa hiyo kijana kukutana na chombo cha umeme akakigeuza anavyotaka yeye si jambo la ajabu katika mji huu.

Pili sasa. Mimi nyumba yangu haiko mbali na hapo mlipochezea. Muziki wenyewe sikuusikia, nilisikia du du du du mpaka adhana. Vyombo kabatini vinacheza. Mjukuu wangu ana miezi mitano, hakulala, na aliyekuwa anambembeleza ni mimi. Hakuna aliyekuja kutuambia mtaani kwamba Jumamosi kuna jambo. Harusi tunaambiwa, msiba tunaambiwa, nyinyi mmeshindwa nini kupita nyumba kwa nyumba? Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015 na wajukuu wangu wengine ni wasomi wanazijua. Sikwenda popote kushitaki. Lakini mkirudia vilevile nitakwenda.

Mtoto wa Barabara ya 12

Shikamoo Bi Mkubwa. Pole sana kwa mtoto. Mimi si mwandaaji, nililipa kiingilio kama wengine, ila ujumbe huu nitawafikishia kama ulivyo. Kutopita mtaani ni utovu wa adabu, hakuna namna ya kuutetea.

Fundi Spika

Wadau, nilikuwa mmoja wa mafundi mitambo usiku ule kwa hiyo nitasema ninachokijua, na Bi Mkubwa jibu lako limo humu.

Waandaaji walitoka Dar, wakafika asubuhi kama saa tano. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Sasa mtu wa pwani anajua, bamvua la huku kwetu hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa kwenye saa nne. Wao walipofika maji yamekwenda mbali, mchanga mpana hadi unashangaza, wakaanza kusimamisha jukwaa chini kabisa wakitaka picha nzuri. Wavuvi wawili waliokuwa wanashona nyavu wakawaambia, jamani hapo saa kumi mtaogelea. Wakacheka. Saa nane mchana maji yakaanza kulamba miguu ya jukwaa, wakaacha kucheka. Tukahamisha kila kitu juu mbio mbio, na matatizo yote ya sauti yalianzia hapo.

Tatizo la kwanza: sabufa, yaani spika za besi. Mpango wetu ulikuwa zikae pamoja katikati, mbele ya jukwaa. Huku juu kulikuwa na mvinje, ikabidi tuzigawe, tatu kushoto, tatu kulia. Besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7. Ukizitenganisha sabufa namna hiyo, kuna sehemu mawimbi ya huku na ya kule yanakutana yakiwa kinyume na kuuana. Muuza mishikaki alikuwa amekaa hasa kwenye sehemu hiyo, alikuwa anasikia kayamba tu usiku kucha. Hatua tatu pembeni kifua kinatetemeka.

Tatizo la pili: nje hakuna kuta. Ukumbini besi inagonga ukuta inarudi, mashine ndogo inaonekana kubwa. Ufukweni inakwenda zake. DJ anaona haitoshi anatuashiria tuongeze, tunaongeza, na mlioko mbele bado mnaona ya kawaida huku nyumba za watu zimeshaanza kutetemeka. Sauti nyembamba inafuata upande ulioielekeza, na usiku ule umande, upepo wa nchi kavu, ulikuwa unavuma kuelekea baharini ukatusaidia. Besi haijali sana umeielekeza wapi, inaenea pande zote. Dawa ipo: katika kila sabufa tatu unageuza moja itazame nyuma, unaipindulia mawimbi na kuichelewesha kidogo, basi besi inajiua upande wa nyuma ya jukwaa. Unapata nguvu mbele na mtaa unalala. Hatukuifanya kwa sababu jioni ile tulikuwa bado tunavuta nyaya kwenye maji. Bi Mkubwa, samahani kwa niaba ya mafundi.

Tatizo la tatu ni la Kijiti. Mkuu, ulikuwa umekaa kaunta, sio?

Kijiti cha Mkonge

Umejuaje?

Fundi Spika

Kwa sababu ulisema singeli ilikuwa inajikanyaga.

Kule kaunta waliongeza spika mbili za nyuma ili wanywaji wasikie. Kutoka jukwaani mpaka kaunta ni kama mita 40. Sauti kwenye hewa inakwenda karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo ya jukwaani inakufikia imechelewa kidogo zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini spika ya nyuma imeungwa kwa waya, inalia saa ileile. Unasikia kila pigo mara mbili. Kwenye haus ya mapigo 125 ilikuwa kero ndogo, unaiona kama mwangwi. Kwenye singeli ya 250, pigo na pigo wanapishana chini ya robo sekunde, kwa hiyo lile pigo lililochelewa lilikuwa linaangukia katikati ya mawili, karibu kabisa na nusu. Ulikuwa unasikiliza mapigo 500 kwa dakika, kaka. Hata aliyeitengeneza ile ngoma asingeielewa akikaa pale.

Tuliigundua baada ya yule jamaa kumaliza, tukazichelewesha spika za nyuma. Wa Mombasa alipopiga mlioko kaunta mlisikia safi.

Kijiti cha Mkonge

Kumbe! Nikasema nimezeeka.

Haya, mleta mada, ulisema utaeleza singeli iliingizwaje. Eleza. Maana mimi nilikuwa naongea na mtu, nikageuka nikakuta watu wanakimbia papo hapo waliposimama.

Mtoto wa Barabara ya 12

Ndiyo maana nikasema nitaeleza, ni kitu cha akili. DJ wengi singeli wanaiingiza kwa kukata: muziki unazima, kelele ya king'ora, halafu singeli. Watu wanapiga yowe lakini mwili umeshapoteza mwendo, unaanza upya.

Huyu wa Makorora alipokea meza ikiwa na haus ya 125. Akaiacha. Akapiga haus yake nne au tano, palepale 125, hakuna aliyejua kinachopikwa. Kisha akaleta ngoma ya singeli ya 250, lakini vile visahani vyembamba tu, tsi tsi tsi tsi, besi ameikata. Mia mbili hamsini ni mbili za mia moja ishirini na tano. Kila pigo moja la haus linabeba mawili ya singeli, yanakaa sawasawa bila kugombana. Mguu wako unaendelea na haus, bega linaanza kufuata kile cha juu. Akaacha hivyo dakika nzima na zaidi. Watu mabega yanatetemeka, miguu bado inatembea. Halafu akaanza kupunguza besi ya haus kwa kidole kimoja na kuinua ya singeli kwa kingine, polepole sana, na hapakuwa na sekunde ambayo ungesema ndiyo hii. Ghafla unagundua miguu imeshafuata mabega. Wewe uligeuka ukakuta watu wanakimbia, na wao wenyewe hawakumbuki walianza saa ngapi.

Baada ya hapo akaweka kipande cha taarab cha zamani, kinanda na fidla, kimekimbizwa hadi kinalia kama ndege. Wale kina mama wawili wauza maji wakakijua. Mmoja akaweka ndoo chini.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Kipande gani hicho?

Mtoto wa Barabara ya 12

Sikijui jina Bi Mkubwa, ila mama muuza maji alikuwa anaimba maneno juu yake, ya kwake mwenyewe mwendo wa kawaida, na ngoma inakwenda mbio. Vilikaa pamoja.

Dada wa Mikanjuni

Naomba niongeze ya upande wetu maana hapa mnaongea besi tu.

Mimi huwa siendi usiku wa muziki Tanga, na wadada wengi hawaendi, si kwa sababu hatupendi. Ukisimama kucheza tu kuna mkono kiunoni ambao hujaualika. Usiku ule ulikuwa afadhali, na nimejiuliza kwa nini. Naona sababu moja ni kwamba hakukuwa na nyimbo za kucheza wawili wawili wala emsii wa kusema "wakaka shikeni wadada". Kila mtu anatazama mbele anacheza na hewa yake. Sababu nyingine ni kwamba aliyekuwa mezani kwenye saa ngumu kabisa alikuwa mwanamke, na kuna kaka mmoja alianza usumbufu kule mbele, yule binti alimnyooshea kidole tu kutoka juu ya meza, hakuzima muziki, akaendelea kumnyooshea mpaka mabaunsa wakamfikia. Watu wote walimwona. Baada ya hapo mikono ikatulia.

Mabaya: choo kimoja kwa mamia ya watu, hakina taa, tulikuwa tunaingia kwa tochi za simu na rafiki mlangoni. Na saa kumi na moja alfajiri bajaji zilikuwa zinataka elfu saba mpaka Mikanjuni, Raskazone hapo! Tukatembea kundi zima mpaka barabara kubwa viatu mkononi.

Mpita Njia

Elfu saba ni wizi wa mchana, ingawa ilikuwa alfajiri.

Wa Makorora

Naingia kwa sababu yule wa flashi ni jirani yangu na kaka yangu kwa malezi, na yeye mwenyewe hapendi kuandika.

Mleta mada hoja yako naiunga mkono nusu. Kweli asiyejulikana anawatazama watu. Lakini mnaiongelea kama sifa, kana kwamba ni vizuri wabaki hivyohivyo. Mnajua walilipwa nini? Wa nje walipewa nauli na chakula. Wa hapa Tanga waliambiwa nauli hamhitaji, kwa hiyo wakapewa chakula. Sahani ya pilau na soda, kwa saa mbili za kazi na miaka ya kujifunza. Aliambiwa "hii ni nafasi ya kujitangaza". Kujitangaza kwa nani, wakati bangoni jina lake limeandikwa kwa herufi ambazo hata mwenye macho ya kunguru hazioni?

Elfu kumi mara watu wote wale. Spika zililipwa. Jenereta ililipwa, na dizeli. Mabaunsa walilipwa. Waliofanya watu waje na wakae mpaka alfajiri ndio pekee waliolipwa kwa wali.

Na vifaa ni vyao. Yule binti mnamsifia na selotepu yake mnaona inapendeza. Haipendezi, kile kitelezi kimekufa na kipya hana hela ya kununua. Usiku mzima alikuwa anapiga akiwa na mkono mmoja mfupi. Fikirini angepiga nini vikiwa vizima.

Mtoto wa Barabara ya 12

Hapo umenishika pabaya, sina la kupinga. Mimi nilijua wamelipwa kidogo, sikujua wa hapa hawakulipwa kabisa.

Kijiti cha Mkonge

Hili la malipo ni aibu. Mimi huwa natunza mwimbaji wa taarab noti mkononi, mbele ya watu, anaiweka kifuani, kila mtu anajua kazi imethaminiwa. Kwa nini DJ hatunzwi? Yuko pale juu ya meza, mkono unafika.

Dada wa Mikanjuni

Kijiti leo umeongea.

Fundi Spika

Tahadhari tu, msiweke noti juu ya kontrola wakati anapiga. Ilitokea Muheza harusini, noti ikaingia chini ya kitufe. Wekeni bakuli pembeni.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Na bakuli la pili la mtaa tusiolala.

Kaseti Kuukuu

😂😂 Bi Mkubwa hana dogo.

Wa Makorora, swali la mwisho kutoka kwangu. Mwishoni mwishoni mwa zamu ya kaka yako, kabla ya Mombasa kupanda, kuna ngoma moja ya singeli yenye filimbi, inasimama kabisa sekunde kama mbili halafu inarudi. Nimeitafuta mtandaoni kote, nimejaribu hadi zile programu za kutambua nyimbo kwa video ya simu yangu, hakuna kitu. Inaitwaje?

Wa Makorora

Nimemuuliza sasa hivi, tuko naye kibandani. Haiitwi kitu. Aliitengeneza Alhamisi usiku, Jumamosi akaipiga. Ipo kwenye flashi yake tu. Anasema ukitaka njoo uingiziwe, mia tano, na ukija na simu lete waya wako maana wa kibandani unashika kwa kubembeleza.

Mpita Njia

Kibanda kiko upande gani wa soko?

Wa Makorora

Ukitokea barabarani, kabla ya wauza samaki. Utasikia.

Mpita Njia

Naja na flashi. Naomba na ile ya taarab iliyokimbizwa.

Wa Makorora

Hiyo ni elfu moja. Na flashi isiwe na virusi, juzi mtu katuletea flashi ikafuta folda nzima ya Ramadhani.